Mchikichi Kwenye Mpaka wa Baridi

Msafiri aondokaye Ujiji akaupa mgongo mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambao kimo chake juu ya usawa wa bahari ni mita 773 hivi, akapanda nyanda za Uha kwa njia ya Kasulu na Kibondo, hata akaingia Ngara na kufika Mbuba, hupita katika milki mbili za mimea pasipo kuonyeshwa nguzo wala bendera ya mpaka. Katika milki ya kwanza mtawala ni mchikichi, mti wa mawese, unaosimama mabondeni na uani mwa nyumba kama kwamba umeumbwa pamoja na nchi yenyewe; katika milki ya pili, ambayo vilima vyake vina kimo cha baina ya mita 1,200 na 1,800, mtawala ni mgomba, waziri wake ni mbuni, na katika aila yote ya minazi na mitende aliyejipatia maskani ya asili ni mkindu wa kandokando ya mito. Hapana baraza lililokaa likaamua kwamba mawese yakome hapa na ndizi zianzie pale. Hata hivyo mpaka huo una historia, kwa maana umesukumwa na watu, umerudishwa na baridi, na katika nusu ya pili ya karne ya 20 ulianza kusukumwa tena kwa elimu ya kuoanisha miti. Historia ya msukumano huo ndiyo tunayokusudia kuieleza. Nayo, ijapokuwa inahusu vilima vyetu vya Kagera na Kigoma, imepita Congo, Kamerun na Costa Rica, na katika bustani za Ulaya ina jamaa yake ambayo haifai kuachwa bila kutajwa.

Yafaa kwanza baridi yenyewe ijulikane. Kila mtu apandapo mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi sita hivi, na kwa hiyo tofauti ya kimo iliyopo baina ya pwani ya Kigoma na vilima vya Ngara yatosha kumtoa mkulima katika hewa ya nyuzi 24, ambayo mchikichi huipenda, na kumweka katika hewa ya nyuzi 20 au pungufu, ambayo mchikichi huivumilia kwa shida. Mti huu husitawi vizuri pale joto la wastani linapokuwa baina ya nyuzi 24 na 28; joto la usiku likishuka chini ya nyuzi 18 kwa siku nyingi mfululizo mwendo wake hulegea; na mche mchanga ukikaa katika nyuzi 15 huacha kabisa kukua, ukangoja, kwa muda wote wa baridi hiyo, pasipo kufa wala kuendelea. Usiku wa Juni na Julai katika nyanda zetu hufika huko bila taabu, na fauka ya baridi ni ukame wa kiangazi, ambao huanza wakati huohuo, hivyo mti hupata mashaka mawili kwa mkupuo mmoja.

Lakini madhara makubwa hayaonekani kwa macho ya mpita njia. Katika kwapa la kila kuti mchikichi huandaa karara moja, na jinsia ya karara hiyo, kwamba itakuwa dume yenye kutoa chavua au jike yenye kuzaa mkungu, huamuliwa takriban miaka miwili kabla haijafunguka. Mti uliopata dhiki huelekea kutoa madume mengi kuliko majike. Karara changa nyingine hufa kabla ya wakati. Na mkungu ambao katika nchi ya joto hukomaa baada ya miezi mitano au sita tangu kuchavushwa, katika nchi ya baridi huchelewa, na huenda ukabeba matunda machache. Basi mtu aweza kuupanda mchikichi katika kilima cha Ngara, akauona una afya, makuti yake ya kijani yamesimama, akafurahi na kuwaita jirani waje kuutazama, ilhali mti huo, kwa habari ya mafuta, ni tasa. Kuishi ni jambo moja na kuzaa ni jambo jingine, na historia yote itakayofuata imesimama juu ya tofauti hiyo.

Watu wa nchi za theluji walikutana na swali hili kwa sura nyepesi zaidi. Mwaka 1849 Robert Fortune, aliyekuwa akizunguka China kukusanya mimea, alipeleka katika bustani ya Kew, karibu na London, miche ya mti wa jamii ya mitende ambao shina lake limevikwa nywele ngumu, na ambao milimani kwao umezoea majira ya barafu. Mmoja ulipandwa katika makao ya kifalme ya Osborne, katika kisiwa cha Wight, na tangu wakati huo mti huo, ambao wataalamu wameuita Trachycarpus fortunei kwa heshima ya mpelekaji wake, umeenea katika bustani za Uingereza na Ulaya ya Kaskazini. Mwishoni mwa karne ya 19, katika Golfe-Juan, kusini mwa Ufaransa, Paul Nabonnand wa nyumba mashuhuri ya wauza miche alioanisha miti miwili ya Amerika ya Kusini, mmoja mvumilivu wa baridi lakini mzito wa kukua, mwingine mwepesi na mzuri wa umbo lakini dhaifu wa baridi. Akapata chotara aliyerithi uvumilivu wa mzazi mmoja na haiba ya mwingine, ambaye wakulima wa bustani wa Marekani walimfananisha na nyumbu, kwa sababu aghalabu hatoi mbegu zenye uhai.

Hata mkindu wetu haukukosa katika karamu hiyo. Ulipopelekwa katika bustani za pwani ya Mediterania, za California na za Florida, na kupandwa karibu na mtende wa Arabuni na mtende wa visiwa vya Canary, uliingia nao katika undugu mpya, kwa kuwa miti ya jamii hiyo huoana kwa wepesi upepo na wadudu wakiwa ndio washenga. Na leo mtu akiokota mbegu chini ya mkindu wa bustani za huko hawezi kuapa juu ya nasaba ya kitakachoota. Hivyo yamkini katika ua fulani wa mbali imesimama mitende ambayo nusu ya damu yake ni ya mkindu, mti uleule ambao katika mabonde yetu watu huchuma makuti yake machanga, wakayapasua, wakayaanika, wakayatia rangi na kuyasuka mikeka.

Wenye bustani hao walistahili sifa kwa subira yao, lakini haja yao ilikuwa moja tu, kwamba mti uvuke majira ya baridi ukiwa hai na uzuri wake haukuharibika. Hakuna miongoni mwao aliyengoja mkungu ili apike mboga za watoto wake. Mkulima wa nyanda za juu za Afrika ya Mashariki hakujaliwa anasa hiyo. Kwake mti usiozaa ni mti unaokalia shamba la mgomba. Kwa sababu hiyo chotara mvumilivu wa baridi katika upande wetu wa dunia alichelewa kupatikana, na alipopatikana alikuwa na thamani ya namna nyingine.

Asili ya mchikichi ni misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, na ukiacha michikichi ya Pemba na ya sehemu nyingine za pwani, Ziwa Tanganyika lilikuwa mojawapo ya kingo zake za mashariki katika nchi za bara. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari mwaka 1858 waliyakuta mawese ni bidhaa ya soko, na Burton akayaandika katika habari za safari yake; na Stanley alipomkuta Livingstone mahali hapohapo mwaka 1871, soko hilo lilikuwa likiendelea, watu wakinunua na kuuza kwa shanga za sofi zilizokuwa ndiyo fedha ya mji. Mawese ya mwambao, samaki wa ziwani na chumvi ya Uvinza vilikuwa vitu vitatu vilivyopanda nyanda za juu katika mitungi na vikapu, na vilivyoshuka kuvilipia vilikuwa mazao ya ng'ombe na ya mashamba ya juu.

Kazi ya kuyapata mawese haijabadilika sana tangu enzi hizo. Mkungu ukishakatwa huachwa siku chache ili chikichi, ambazo watu wengi wa Kigoma huziita ngazi, zilegee na kuchambulika. Kisha huchemshwa ndani ya pipa hata nyama ya tunda ilainike, hutwangwa kinuni au kutiwa katika mashine ya pipa ambayo watu huizungusha kwa kusukuma boriti huku wakitembea duara, na rojo lililopatikana hutiwa maji na kuchemshwa tena mpaka mafuta mekundu yaelee juu na kuenguliwa kwa kata. Kokwa zilizobaki, yaani mise, hazitupwi: huanikwa hata zikauke, zikavunjwa, na kiini chake kikatoa mafuta ya pili yafaayo kwa sabuni. Mti mmoja humpa mwenyewe mafuta ya chungu, mafuta ya sabuni, makuti ya uzio na kuni za makapi. Na mtu aliyezoea neema hizo akihama kwenda mlimani, kwa ndoa au kwa kutafuta shamba, hakosi kuchukua mbegu.

Hapa ndipo watu wasiojulikana majina yao walipoanza kuusukuma mpaka. Kutoka mwambaoni michikichi ilipanda mabonde ya mito ya Uha, hatua kwa hatua, kizazi kwa kizazi, ikipandwa katika vimo ambavyo mtaalamu yeyote angalivikataza. Mingi ilikufa au ikakaa tasa, na mwenye shamba akaikata. Michache ilizaa, na mbegu za michache hiyo ndizo zilizopandwa na mtoto na mjukuu. Baridi ilikuwa hakimu, mkulima akawa mwenye kutekeleza hukumu; na kwa muda wa miaka mingi, pasipo daftari wala mizani, ilipatikana katika nchi ya Kigoma michikichi ambayo kokwa yake ni nene na mafuta yake ni kiasi, lakini ambayo huzaa mahali pa baridi na pa kiangazi kirefu ambapo jamaa yake wa msituni angelilala.

Kwa nini basi msukumo huo haukufika Mbuba? Baridi ni jibu la kwanza, lakini si jibu pekee. Nchi zetu za Bugufi na Usui, ambazo leo zimo katika pande za Ngara na Biharamulo, hazikukosa njia na nchi za chini. Speke, alipopita Usui mwaka 1861 na kuzuiwa na Mtemi Suwarora kwa madai ya hongo, alipita katika nchi iliyokwisha zoea misafara. Lakini Bugufi ilikuwa imeelekea magharibi, chini ya Waami, yaani wafalme, wa Burundi, na vita vya 1914 hadi 1918 vilipokwisha, Uingereza na Ubelgiji zikagawana milki ya Wajerumani, Bugufi ikabaki upande wa Tanganyika huku ndugu zake wakibaki Urundi. Na nyanda za chini za Burundi, kandokando ya ziwa, ambako, kama vile Rumonge, mchikichi ni mti wa heshima, zikawa nchi ya dola nyingine. Serikali ya Waingereza nayo, kama ya Wajerumani waliojenga boma la Biharamulo, katika nyanda hizi ilitia moyo wake katika kahawa. Buni ilikuwa zao la kodi na la meli. Mawese yalikuwa chakula, na chakula cha mwenyeji kilipata nafasi ndogo katika barua za maofisa.

Haikuwa kwamba watawala hawakuijua mitende. Wajerumani walifungua taasisi ya kilimo na elimu ya mimea huko Amani, katika Usambara, mwaka 1902, wakapanda humo miti ya kila bara, mchikichi ukiwemo, katika kimo cha karibu mita 900. Na Waingereza walikuwa na bustani ya Entebbe tangu 1898. Walakini bustani za namna hiyo zilikusanya mimea kutoka mbali ili kuipima hapa, na hazikufikiri kwamba katika mashamba ya Waha palikuwa na tajriba iliyokwisha dumu kuliko umri wa serikali zao.

Ushahidi wa usahaulifu huo ulidhihirika baada ya vita vya pili. Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula, na mwaka 1947, kwa rai iliyotoka katika kampuni ya United Africa, tawi la Unilever lililokuwa na miaka mingi katika biashara ya mawese ya Afrika ya Magharibi, ikaanzisha katika Tanganyika ule mradi adhimu wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yalivunjika juu ya visiki vya mibuyu, udongo wa Kongwa ukawa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, na mwaka 1951 mradi ukaachwa, hasara yake ikiwa pauni milioni 36 hivi. Katika miaka hiyohiyo, upande wa magharibi wa nchi hiyohiyo, palikuwa na watu waliokamua mafuta kwa boriti na pipa kutoka katika miti iliyovumilia kiangazi bila trekta hata moja. Lakini hapana aliyekwenda kuwauliza.

Elimu iliyokosekana ilikuwa ikipikwa mahali pengine. Katika Yangambi, ukingoni mwa mto Congo karibu na Kisangani ya leo, wataalamu wa kituo cha kilimo cha Wabelgiji, Beirnaert na Vanderweyen, walitangaza mwaka 1941 siri ya unene wa kokwa ya chikichi. Walionyesha kwamba kuna mchikichi wenye kokwa nene, uitwao Dura. Kuna mwingine usio na gamba la kokwa kabisa, uitwao Pisifera, ambao aghalabu haukomazi mikungu. Na kwamba ukimwoza Dura kwa Pisifera watoto wote huwa Tenera, wenye kokwa nyembamba na nyama nyingi, ambao mkungu wao hutoa mafuta kiasi cha thuluthi moja zaidi. Lakini Tenera akizaa na Tenera, mirathi hutawanyika: robo moja ya watoto hurudi kuwa Dura, nusu huwa Tenera, na robo huwa Pisifera. Kanuni hii, ambayo juu yake yamesimama mashamba makubwa yote ya Malaysia na Indonesia, ni nguzo pia ya habari yetu, kwa sababu iliwafundisha watu kwamba tabia nyingine, kama vile kuvumilia baridi, zaweza kuwekwa upande wa mama na wingi wa mafuta ukawekwa upande wa baba.

Ilibaki kumpata mama huyo. Katika Afrika nzima zilikuwako hasa nchi mbili ambako mchikichi ulikuwa umelazimishwa kuzaa mahali pa juu: nyanda za Bamenda huko Kamerun, na nyanda zetu za Kigoma. Katika robo ya mwisho ya karne ya 20 kampuni ya mbegu ya ASD, ya Costa Rica, ilikusanya mbegu katika nchi hizo zote mbili, ikazipanda ng'ambo ya Atlantiki, ikachagua Dura walio bora, na kuwaoza kwa chavua ya nasaba ya Ekona, ambayo asili yake ni miteremko ya Mlima Kamerun na ambayo sifa yake ni wingi wa mafuta. Wakatokea chotara wawili, Bamenda kwa Ekona na Tanzania kwa Ekona, ambao wauzaji wake waliwatangaza kuwa ni kwa ajili ya nchi za juu na za baridi.

Ndoa hiyo ya miti hufanywa kwa uangalifu unaostahili kutazamwa kwa karibu. Siku kadhaa kabla karara jike haijafunguka, mfanyakazi hupanda ngazi hadi kwenye kilele cha mti, huondoa miiba na makapi yaliyolizunguka ua, hulivika mfuko mzito ambao chavua ya kigeni haiwezi kupenya, na kuukaza chini kwa kamba na pamba iliyotiwa dawa ya wadudu, kwani mdudu mmoja mdogo akiingia na chavua ya mti wa jirani nasaba yote imebatilika. Mfuko una kidirisha cha plastiki. Mfanyakazi hurudi kila siku kuchungulia, na akiona ndimi za maua zimefunguka na kugeuka rangi, hupenyeza kijibomba na kupuliza unga wa chavua ya baba iliyochanganywa na poda. Tangu hapo mkungu hubeba kibandiko chenye nambari ya mama, nambari ya baba na tarehe. Ajabu iliyopo ni ya mwishoni: mbegu ya chotara huyu, aliyeumbwa kwa ajili ya baridi, haioti kwa wepesi mpaka iwekwe katika chumba chenye joto la nyuzi 39 hivi kwa muda wa siku 40 hadi 80, na baada ya hapo ndipo hulowekwa na kupasua ganda.

Katika miaka ya mwanzo ya karne hii Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisaidia kupeleka michikichi ya namna hiyo Kenya ya Magharibi, katika mashamba ya wakulima wadogo yaliyo mbali juu ya kimo cha Kigoma, ili mkulima apate mafuta ya nyumbani pasipo kungoja lori la mjini. Uganda ilishika njia nyingine. Katika kisiwa cha Bugala, wilaya ya Kalangala, ndani ya Ziwa Viktoria, upandaji mkubwa wa michikichi ulianza katikati ya muongo wa kwanza wa karne hii, chini ya mradi wa serikali na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo pamoja na kampuni binafsi. Kimo cha ziwa hilo ni mita 1,134, na kwa kanuni ya kimo peke yake mtu angelisita. Lakini maji mengi huhifadhi joto la mchana na kulirudisha usiku, mvua za visiwa vya Ssese hazina uchoyo, na mchikichi umezaa. Kalangala imewafundisha watu kwamba kimo ni nusu ya hesabu, na nusu ya pili ni maji, mvua na usiku wenyewe.

Upande wa Tanzania mwamko mkubwa ulikuja mwaka 2018, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipozindua mjini Kigoma kampeni ya kufufua zao la michikichi, kwa sababu nchi ilikuwa ikiagiza ng'ambo sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula. Kituo cha utafiti cha Kihinga kilipewa kazi ya kuzalisha mbegu za Tenera, na kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa ya Bulombora pamoja na Gereza la Kwitanga zikatakiwa kuotesha miche kwa ajili ya wakulima. Miaka mingi baada ya Burton kuandika habari za soko la Ujiji, mchikichi ukawa na ofisi, gari na bajeti.

Katika hali hiyo mwenyeji wa Mbuba, au wa upande wa Biharamulo, asikiapo sifa za mche mpya ana haki ya kuuliza maswali ambayo historia imekwisha mpa. La kwanza ni nasaba: Tenera wa kawaida, aliyelelewa kwa ajili ya mwambao wenye joto, si sawa na chotara ambaye mama yake alizaliwa mlimani, ingawa kitaluni miche yao hufanana kama pacha, na mbegu zilizookotwa chini ya Tenera wa jirani, kwa kanuni ileile ya Yangambi, zitampa shamba ambalo nusu ya miti yake si Tenera. La pili ni mahali. Bondeni kuna maji ambayo mchikichi huyahitaji wakati wa kiangazi, lakini hewa ya baridi ni nzito, huteremka usiku na kutuama bondeni, hata mtu aliyelala katikati ya mteremko hujifunika shuka moja wakati jirani yake wa chini anatafuta blanketi. Joto liko juu ya maji, na maji yako chini ya joto. Mkulima atakayepanda hapa sharti atafute ule ukanda mwembamba wa miguu ya vilima ambako vitu hivyo viwili hukutana, hasa upande wa mabonde ya chini ya mito ya Ruvubu na Kagera. La tatu ni muda: asihesabu makuti, ahesabu mikungu, kwa miaka isiyopungua sita au saba, kabla hajang'oa mgomba hata mmoja kwa ajili ya mti huu.

Liko na swali la nne, ambalo si la mkulima peke yake. Kampeni ya kueneza Tenera, kwa kadiri inavyofaulu, huondoa katika mashamba ya Kigoma michikichi ya zamani yenye kokwa nene, na hapana shaka kwamba kwa mwenye kutafuta mafuta mengi katika ekari moja badiliko hilo ni la insafu. Lakini miti hiyo inayodharauliwa, na hususan ile ya mabonde ya juu, ndiyo ukoo wa mama aliyechukuliwa kwenda Costa Rica, akaozwa huko, na watoto wake wakarudi Afrika ya Mashariki katika mifuko ya mbegu za kununuliwa. Akikatwa wa mwisho hapa kwetu, uvumilivu uliokusanywa kwa vizazi utabaki katika ghala za wengine, nasi tutaununua kila msimu kwa bei watakayoitaja. Ni rahisi kuliko hivyo kutenga mashamba machache ya kuihifadhi miti ya juu ya Uha, na kufungua viwanja vya majaribio katika vimo vya Kibondo, Ngara na Biharamulo, ambako watoto wa Dura wa mlimani na chavua ya Kihinga watapimwa katika baridi yenyewe wanayotarajiwa kuivumilia. Waliousukuma mpaka hadi ulipofika waliifanya kazi hiyo kwa mbegu za mfukoni. Serikali yenye kituo, wataalamu na barabara haiwezi kudai kwamba kilichobaki kinazidi uwezo wake.